DT-830B: mita ya bei ndogo kwa kijana anayefikiria kusomea fizikia

Maduka mengi ya vifaa vya umeme pale Darajani na Mlandege mjini Unguja, na kwa upande wa Pemba yale ya Chake Chake na Wete, huuza mita ndogo ya mkononi ya kupimia umeme, ya manjano au nyeusi, iliyoandikwa DT-830B. Fundi hahitaji kuelezwa habari zake. Anayeandikiwa hapa ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hadi cha Sita anayesoma fizikia, pamoja na mzazi anayeombwa fedha ya kuinunua. Wana haki ya kujua mambo mawili: kama mita hii inafaa kuwa chombo cha kwanza cha mtoto nyumbani, na kama inaweza kumwonyesha mapema iwapo kazi ya wanafizikia inamfaa.

Inafaa kwa yote mawili, ila asiiamini. Akijifunza kuishuku kwa hesabu, atakuwa ameanza fizikia yenyewe, kwani sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujua kipimo kimepotoka kwa kiasi gani na kwa sababu ipi.

Kwenye boksi mna mita, waya mbili za kupimia, nyekundu na nyeusi, na betri ya volti 9. Kioo chake huishia kwenye 1999. Inapima volti za mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) kwa skeli za 200 mV, 2000 mV, 20 V, 200 V na 1000 V (matoleo mengine huishia 500 V). Volti za mkondo geu (AC, kama wa ukutani) zina skeli mbili tu, 200 na 750. Ampea ni za mkondo mnyoofu peke yake, mpaka 10 A, na ukinzani huanzia skeli ya ohm 200 mpaka kiloohm 2000. Kuna pahala pa kupima diodi na kitundu cha transista. Haijizimi yenyewe, kwa hivyo mtoto akilala bila ya kuizima, betri itakuwa inaliwa usiku kucha.

Karatasi ya maelezo huandika usahihi wa volti za mkondo mnyoofu kuwa ±0.5% na tarakimu 2. Wanafunzi wengi huruka mstari huo, na hapo ndipo pa kusimama. Betri kavu mpya ikionyesha 1560 kwenye skeli ya 2000 mV, nusu asilimia yake ni kama 8 mV, ongeza 2 za tarakimu ya mwisho, unapata 10. Basi jibu la kweli ni 1.56 V, ikizidi au ikipungua 0.01 V. Mita inaonyesha mpaka milivolti moja, lakini uhakika wake ni wa milivolti kumi. Mwanafunzi anayeandika 1.560 V kwenye daftari na kuondoka ameandika tarakimu ambayo hakuipima.

Sasa uzuri wa chombo hiki uko kwenye kasoro zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mita yenyewe inakula mkondo kutoka kwenye saketi unayoipima. Ukinzani wake wa ndani ni megaohm 1, wakati mita nyingi za bei ya juu zina megaohm 10. Jambo hili linathibitika nyumbani kwa rezista moja. Pima betri ya volti 9 moja kwa moja, tuseme inaonyesha 9.2. Kisha weka rezista ya megaohm 1 kwa mfululizo, baina ya ncha nyekundu na betri, upime tena. Kioo kitashuka mpaka karibu 4.6, nusu kamili, kwa sababu rezista na mita zimegawana volti sawa kwa sawa. Hapo umeupima ukinzani wa ndani wa mita bila ya kuifungua.

Halafu jaribu hili. Chukua rezista mbili za kiloohm 10, zifunge kwa mfululizo kwenye chanzo cha 9.0 V, upime volti za moja kati ya hizo. Nadharia inasema 4.5; mita itasema kama 4.48, na tafauti hiyo hutaihisi. Badilisha uweke mbili za megaohm 1. Nadharia bado inasema 4.5, lakini mita itaonyesha karibu 3.0. Haijaharibika. Ilipogusishwa, megaohm yake ilikaa sambamba na megaohm ya rezista, zikawa nusu megaohm, na nusu kwa moja na nusu ya volti 9 ni 3. Kijana atakayeona 3.0 akasema mita mbovu, akairudisha dukani, amepitwa. Atakayekaa na kalamu mpaka ajue ile volti moja na nusu imepotelea wapi, huyo tumwangalie vizuri.

Upande wa ampea mambo ni hayohayo kwa sura nyengine. Mita hupima mkondo kwa kuupitisha kwenye kinzani kidogo cha ndani na kusoma volti zake: ohm 1 kwenye skeli ya 200 mA, ohm 10 kwenye 20 mA, ohm 100 kwenye 2000 µA. Betri kavu ya 1.5 V na rezista ya ohm 10 hutakiwa kutoa 150 mA. Ukiweka mita, ukinzani wa saketi unakuwa ohm 11, na mkondo unashuka mpaka kama 136 mA kabla hata hujahesabu fyuzi na waya. Hili huonekana mara kwa mara katika majaribio ya sheria ya Ohm: mchoro unatoka mstari mzuri ulionyooka, lakini ukinzani unaopatikana umezidi thamani iliyoandikwa kwenye rezista, na darasa zima linailaumu rezista. Dawa yake ni kupima volti zilizo juu ya rezista peke yake, usizijumuishe na zile zinazopotea ndani ya mita inayopima ampea.

Upungufu unaofuata unaipa heshima maabara ya zamani. Kwa ukinzani mdogo, mita hii ni dhaifu. Gusisha ncha mbili pamoja kwenye skeli ya ohm 200, utaona 0.3 mpaka 0.6, huo ni ukinzani wa waya za kupimia, na lazima uutoe katika kila kipimo. Tuseme rezista ya ohm 2 inasoma 2.5 na waya zako ni 0.5. Umepata 2.0, lakini tarakimu 2 za hitilafu peke yake ni ohm 0.2, yaani asilimia 10. Linganisha na daraja la mita, ule ubao wenye waya wa sentimita 100 uliojaa vumbi kwenye kabati za maabara za skuli nyingi. Nukta ya mizani ikiwa karibu na sentimita 50 na ukakosea kusoma kwa milimita moja, hitilafu kwenye ukinzani ni asilimia 0.4 tu. Daraja la namna hiyo lilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, Charles Wheatstone akalipatia umaarufu mwaka 1843, na kwa ohm 2 linaishinda mita ya kidijitali kwa mbali. Sababu ni kwamba linatafuta sifuri tu. Galvanomita, yaani mita ya kuonyesha mkondo mdogo, ikitulia kwenye sifuri, haijalishi skeli yake ni sahihi au si sahihi. Mwalimu anayelitupa daraja kwa kuwa sasa kuna mita za tarakimu anawanyima wanafunzi somo ambalo mita haiwezi kuwapa.

Pahala ambapo DT-830B inafanya vizuri kuliko bei yake ni kwenye tafauti ya vipimo viwili vilivyo karibu, kwenye skeli moja. Ukinzani wa ndani wa betri ni mfano mzuri. Pima betri kavu bila ya mzigo, 1.560 V. Iunganishe na rezista ya ohm 5, pima haraka kabla haijachoka, 1.400 V. Mkondo ni 0.28 A, volti zilizopotea ndani ni 0.160, basi ukinzani wa ndani ni ohm 0.57. Ile nusu asilimia ya hitilafu imeinua au kuteremsha vipimo vyote viwili kwa pamoja, kwa hivyo kwenye tafauti inabaki chini ya milivolti moja, ukiacha tarakimu za mwisho. Achia saketi sekunde chache tu. Ukiacha dakika nzima betri hupoa nguvu na rezista hupata moto, na kipimo cha pili kitakuwa cha betri iliyokwisha badilika.

Kwa anayetaka kuonja fizikia ya karne ya 20 kuna jaribio la taa za LED, na gharama yake ni ndogo mno. Nunua LED nyekundu, kijani na buluu zenye plastiki isiyo na rangi, rezista ya kiloohm 1, na potenshomita (rezista inayobadilishwa kwa kuzungushwa) ya kiloohm 10. Unganisha ncha mbili za pembeni za potenshomita na betri ya volti 9. Ncha ya katikati iende kwenye rezista, kisha kwenye LED, kisha irudi upande hasi. Kaa kwenye chumba cha giza, zungusha taratibu mpaka taa ianze tu kuonekana, upime volti zilizo juu ya LED kwa skeli ya 20 V. Kwa mfano, nyekundu ya nanomita 630 ikitoa 1.8 V na buluu ya nanomita 470 ikitoa 2.5 V, chora volti dhidi ya kinyume cha urefu wa wimbi katika mita. Mteremko wa mstari ni hc/e, ambapo h ni namba ya Planck, c ni kasi ya mwanga na e ni chaji ya elektroni. Kwa namba hizi utapata h kama 6.9 × 10⁻³⁴, na thamani iliyokubaliwa na dunia nzima tangu mwaka 2019 ni 6.62607015 × 10⁻³⁴. Umekosea kwa asilimia 4 tu.

Usipige hesabu kwa taa moja moja. Nyekundu peke yake itakupa kama 6.1 na buluu kama 6.3, zote chini, kwa kuwa jicho huona mwanga kabla volti hazijafika pale nadharia inapozitaka. Mteremko huondoa upungufu huo ulio sawa kwa taa zote. Kosa linalovuta kipimo upande mmoja kila mara ni gumu kulikamata, maana ukirudia mara mia halitoki. Robert Millikan, aliyepima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta na kutoa jibu lake maarufu mwaka 1913, alikuwa chini kwa kama asilimia 0.6 kwa sababu thamani ya mnato wa hewa aliyoitumia haikuwa sahihi. Matone yake yalipimwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hewa ilimponza.

Yamefika mahala pa kuzungumza kazi. Zanzibar hutaona tangazo jingi linaloandika "anatakiwa mwanafizikia". Ajira huja kwa majina mengine. Wengi wanaomaliza huingia kufundisha, na skuli zina haja nao kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa inahitaji watu wanaofahamu mwendo wa hewa na joto, na kusi na kaskazi haziwezi kutabiriwa kwa kukisia. Bandarini Unguja kina cha bahari kinapimwa kwa mashine tangu miaka ya 1980, na kwa visiwa ambavyo bamvua lake hupanda na kushuka kama mita 4, kumbukumbu hizo ni mali. Taasisi ya Viwango Zanzibar inashughulika na usahihi wa vipimo, kazi iliyo jirani kabisa na yote yaliyoelezwa hapo juu. Tume ya Nguvu za Atomiki inakagua mashine za eksirei ili mgonjwa na mhudumu wasipate mionzi isiyo ya lazima. Umeme wa Unguja wenyewe unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa kilovolti 132. Kazi hiyo ni ya wahandisi, lakini wanaoitafuta kasoro ya kebo chini ya maji hutumia mwangwi wa mapigo ya umeme, na hiyo ni fizikia ya mawimbi.

Pa kutazamwa zaidi ni fizikia ya tiba. Mgonjwa wa saratani anayetoka visiwani kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi, nyuma ya daktari wake anatakiwa awepo mwanafizikia anayehakiki kwamba mashine imetoa kiasi kilichoandikwa. Mapendekezo ya kimataifa yanataka kipimo kinachoufikia uvimbe kisipotoke zaidi ya asilimia 5. Pungufu, saratani inarudi. Kikizidi, nyama nzima inaungua. Huyu mtu anafanya kila siku kile ambacho mwanafunzi anakifanya kwa rezista mbili za megaohm: anauliza chombo chake kimedanganya kiasi gani. Njia yake ni ndefu. Baada ya shahada ya kwanza ya fizikia ya miaka 3 kuna shahada ya pili na mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya usimamizi. Mzazi aijue mapema njia hiyo, asidhani mtoto amekawia.

Kwa Kidato cha Tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) unafungua milango mingi zaidi, PGM (fizikia, jiografia na hesabu) unafaa kwa hali ya hewa na miamba, na PCB (fizikia, kemia na biolojia) unambakisha karibu na tiba, ila atahitaji kujiongezea hesabu. Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Mtoto anayependa mambo ya anga na nyota lakini anaikimbia aljebra hajawa tayari, na ni vyema aambiwe kwa upole kabla hajachagua. Kwa anayeweza na akapenda nadharia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, kina diploma ya mwaka mmoja kwa wahitimu kutoka nchi zinazoendelea, na wanaokubaliwa hugharamiwa.

Turudi kwenye mita, kwenye upande wake wa hatari. Hii si mita ya kupimia umeme wa nyumba kwa mtoto, hata kama usoni imeandikwa 750 V. Waya zake ni nyembamba, tundu la 10 A katika matoleo mengi halina fyuzi kabisa, na kosa la kawaida kuliko yote ni kupima ampea, kusahau waya nyekundu kwenye tundu la 10 A, kisha kwenda kupima volti. Hapo mita imekuwa kipande cha waya kilichounganisha pande mbili za chanzo. Kwenye betri kavu utapata joto. Kwenye soketi utapata mlipuko mkononi. Abaki na betri, zisizozidi volti 12, na hata betri ya gari asiiguse kwa tundu la ampea.

Isitoshe, kwa umeme wa ukutani haisemi mengi. Skeli ya 750 ina hitilafu ya ±1.2% na tarakimu 10. Kwa volti 230 hiyo ni kama ±13. Ikionyesha 220 au 240, zote zinaweza kuwa 230 ileile, na hapana haja ya kuugombeza umeme wa mtaa. Kwa inveta za sola za bei ndogo ambazo wimbi lake ni la ngazi ngazi, husoma karibu 180 pahala pa 230, kwa kuwa inapima wastani kisha inauzidisha kwa namba inayofaa wimbi laini tu. Ukitaka kuona siri hiyo bila hatari, weka skeli ya volti 200 za mkondo geu na uguse betri ya volti 9: upande mmoja utaona karibu 19 au 20, ukigeuza ncha utaona sifuri. Ndani mna diodi moja inayopitisha nusu ya wimbi, na mita inazidisha kwa 2.22 ili kufidia nusu iliyokatwa.

Betri yake ikichoka, mita husoma juu ya kiasi, maana volti za rejea zilizo ndani ndizo zinazoshuka. Watu hutegemea kioo kififie kwanza, lakini namba huanza kupotoka kabla ya hapo. Weka betri kavu moja mpya ya kulinganishia, ikisoma 1.7 V, badilisha betri ya mita. Hewa yetu ya chumvi nayo hushambulia shaba ya swichi, namba zikawa zinarukaruka. Zungusha swichi mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Isipotulia, fungua skrubu za nyuma na usafishe njia za shaba kwa pamba na spiriti, lakini polepole: chini ya kitufe mna vigololi viwili na springi zake, na vikiruka sakafuni ni kazi kuviona.

Dukani, usilipe kabla ya kugusisha ncha kwenye ohm 200 (isome chini ya 1, na isitetereke ukizipinda waya), kisha kwenye 200 mV (isome 00.0, au 00.1 kwa mbali), na kupima betri kavu moja mpya. Muombe muuzaji afungue mgongo uione fyuzi. Baadhi ya nakala zimewekwa kipande cha waya pahala pake, na hizo ziache. Pamoja na mita chukua rezista kumi hivi za thamani tafauti kuanzia ohm 5 hadi megaohm 1, klipu za mamba nne, na fyuzi mbili za akiba za ukubwa ulioandikwa kando ya tundu, kwa sababu ya kwanza huungua pale mwanafunzi anapojifunza kupima mkondo.